Uhakiki wa Flightradar24: kuziangalia anga zisizopitika ukiwa Nairobi

Tiketi ya ndege inayonunuliwa Nairobi huandikwa mji wa kuondokea, mji wa kufikia na saa za safari. Haiandikwi nchi ambazo abiria atapita juu yake, wala zile ambazo rubani atazizunguka kwa sababu ya vita, ugomvi wa mipaka au mabalozi waliofukuzana. Kwa yeyote anayetaka kuyajua hayo kabla ya kulipa, chombo kinachopatikana kwa urahisi ni Flightradar24, programu ya simu na tovuti inayoonyesha kwenye ramani ndege zilizo angani wakati huo huo. Wengi wetu tuliifahamu kwa ajili ya kungojea wageni JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Uhakiki huu unaipima kwa kazi nyingine, ambayo naona haijazungumzwa vya kutosha hapa kwetu: uwezo wake wa kumwonyesha msafiri wa Nairobi anga ipi inapitika, ipi haipitiki, na mzunguko unaotokana na hali hiyo unamgharimu nini.

Kampuni yenyewe ni ya Sweden. Ilianza mwaka 2006 kama jambo la kujifurahisha la wapenzi wawili wa usafiri wa anga, na mwaka 2009 ikamfungulia mlango mtu yeyote mwenye kipokezi cha mawimbi ili achangie data. Ufundi wake hauna siri. Ndege nyingi za abiria za siku hizi hubeba kifaa kinachotangaza bila kukoma utambulisho wa ndege, mahali ilipo, kimo chake na kasi yake, katika masafa ya megahezi 1090. Kipokezi kidogo kilichowekwa juu ya paa huyanasa matangazo hayo hata kutoka umbali wa takriban kilomita 400, kikayatuma kwa intaneti hadi kwenye seva za kampuni, na baada ya sekunde chache alama ya ndege inasogea mbele ya macho yako. Vipokezi vya namna hiyo ni zaidi ya 40,000 duniani, na vingi viko mikononi mwa watu wanaojitolea. Ramani hii, kwa hiyo, haisubiri taarifa ya serikali yoyote, na hapo ndipo thamani yake ilipo katika suala tunalolijadili, kwa maana inaonyesha waziwazi mambo ambayo wizara za mambo ya nje huyaeleza kwa maneno ya kuzunguka.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi kuliko yote. Mstari mfupi kabisa kutoka Nairobi hadi London unapita juu ya Sudan Kusini, Darfur na jangwa la Libya kabla ya kuivuka Bahari ya Mediterania. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Sudan iliifunga anga yake kwa safari za kawaida, na mashirika yaliyoizoea njia hiyo yakalazimika kuhama. Libya nayo imekuwa kwenye orodha za tahadhari za mamlaka za usalama wa anga za Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Ukifungua programu usiku, saa ambazo ndege za Ulaya huondoka JKIA, utaona jinsi mzigo huo unavyogawanywa. Nyingine hupanda juu ya Ethiopia, zikaifuata Bahari ya Shamu, wakati mwingine zikiegemea upande wa Saudi Arabia, kisha zikaingia Misri. Nyingine hushika magharibi hadi Chad ndipo zigeuke kaskazini. Katikati hubaki eneo kubwa ambalo karibu halina alama yoyote, isipokuwa ukanda wa mashariki ulio jirani na Port Sudan. Hakuna maelezo ya gazeti yatakayomfahamisha mtu ukubwa wa Sudan kama kuiangalia ndege ikiizunguka kwa saa nzima na zaidi.

Hali ilikuwa mbaya zaidi Agosti 2023. Watawala wa kijeshi wa Niger, waliotwaa madaraka tarehe 26 Julai, walifunga anga ya nchi yao tarehe 6 Agosti wakihofia kuvamiwa na majirani, na hawakuifungua hadi tarehe 4 Septemba. Kwa karibu mwezi mmoja Niger, Libya na Sudan ziligeuka ukuta kwa yeyote aliyetoka kusini mwa Sahara akielekea kaskazini, na ndege zikabanana katika mianya iliyosalia. Programu iliyaonyesha hayo kwa usahihi mkubwa. Sababu zake haikuzieleza hata kidogo, na hiyo ni kasoro nitakayoirudia.

Ili mtu aisome ramani hii vizuri, anahitaji kujua sheria kidogo. Watu wengi huamini kwamba anga ni ya wote kama bahari kuu. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, unasema kinyume chake katika ibara yake ya kwanza: kila nchi ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ibara ya 9 inairuhusu nchi kuifunga sehemu ya anga hiyo kwa sababu za kijeshi au za usalama wa umma, lakini inaitaka isibague ndege za taifa moja na za jingine. Mkataba wa pili, uliotiwa sahihi wakati huo huo, ndio unaotoa haki ya kupita bila kutua, na haki ya kutua kwa ajili ya mafuta au matengenezo bila kushusha wala kupakia abiria. Si nchi zote zilizojiunga na mkataba huo wa pili. Urusi, kwa mfano, haimo. Kupita nako si bure. Nchi hutoza ada, na kwa kawaida hesabu hufuata uzito wa ndege na umbali inaopita, kwa hiyo anayemfungia jirani yake mlango hupoteza mapato kila siku mlango huo unapobaki umefungwa. Ukikumbuka hilo, utaelewa kwa nini serikali zilizogombana hadi kukata uhusiano mara nyingi huendelea kuachiana anga huku zikitukanana kwenye redio.

Sisi Waafrika tuliwahi kuitumia silaha hiyo kwa makusudi. Baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuundwa Addis Ababa mwaka 1963, wito ulitolewa kwa wanachama kuinyima Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi haki ya kupita, na kuanzia Agosti mwaka huo ndege za South African Airways zilizokwenda Ulaya zililazimika kuzunguka lile nundu lote la Afrika Magharibi juu ya Atlantiki, na baadaye zikawa zikitua kisiwa cha Sal huko Cape Verde kuongeza mafuta. Laiti programu hii ingekuwapo wakati huo, kila mtoto wa shule Nairobi angeweza kuona vikwazo kwa macho yake.

Kisa ninachokiona kuwa na mafunzo mengi kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Qatar. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar na kuzifungia ndege zake anga. Qatar wakati huo haikuwa na eneo lake la kuongozea ndege. Anga iliyoizunguka iliongozwa kutoka Bahrain, mmoja wa mahasimu hao. Qatar Airways ilibakiwa na vijia vichache vya kutokea, na kimbilio lake kubwa likawa Iran, nchi ambayo mataifa hayo manne yalikuwa yakiishutumu Qatar kwa kuwa karibu nayo mno. Abiria wa Doha kuja Nairobi, ambaye kwa kawaida angekatiza juu ya Saudi Arabia kuelekea kusini, sasa alianza safari kwa kwenda upande usiofaa kabisa, juu ya Iran, kisha Oman, kisha Bahari ya Arabu, ndipo aikute pwani ya Somalia. Serikali ya Somalia ilikuwa imekataa kuchukua upande katika ugomvi huo, na anga yake ikawa mlango wa Qatar kuingilia Afrika Mashariki.

Hapo Nairobi inaingia katika hadithi kwa namna ambayo watu wengi wa hapa hawaifahamu. Tangu miaka ya 1990, baada ya serikali ya Somalia kuanguka, anga ya nchi hiyo ilikuwa ikisimamiwa kwa niaba yake na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na ofisi iliyotoa huduma hiyo ilikuwa jijini Nairobi. Mamlaka hayo hayakurudishwa Mogadishu hadi mwishoni mwa Desemba 2017. Kwa hiyo katika miezi ile ya mwanzo ya mgogoro, rubani wa Qatar aliyekimbia anga ya majirani zake wa Kiarabu akaingia ile ya Somalia alikuwa akihudumiwa kwa redio na watu waliokaa jiji lile lile alilokuwa akiliendea. Mgogoro wenyewe ulimalizwa Al-Ula, Saudi Arabia, tarehe 5 Januari 2021, na ndege ya kwanza ya ratiba ya Qatar Airways kupita tena juu ya Saudi Arabia, siku mbili baadaye, ilikuwa ya Doha kwenda Johannesburg. Kabla ya hapo, Julai 2020, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeamua kwamba baraza la ICAO lina mamlaka ya kuisikiliza kesi ya Qatar, na Septemba 2022 Doha ikaanza hatimaye kuwa na eneo lake la kuongozea ndege.

Ninayasimulia haya kwa kirefu kwa sababu yanafichua upungufu mmoja wa bidhaa hii. Mtumiaji wa bure huweza kuitazama historia ya safari kwa siku saba tu; anayelipia kifurushi cha Silver hupata siku 90, na wa Gold hupata siku 365. Njia za mwaka 2017 hazipo tena kwa mtu wa kawaida. Kwa chombo kinachoandika historia ya siasa za dunia kila dakika, bila hata kukusudia, naona ni ubahili kuifunga kumbukumbu hiyo mbali na walimu, waandishi wa habari na wanafunzi. Kampuni ingeweza kabisa kutenga ramani chache za miaka iliyopita na kuziweka wazi.

Turudi Somalia, kwa kuwa hakuna anga inayomhusu mkazi wa Nairobi kwa ukaribu zaidi. Uhusiano wa nchi hizi mbili umepanda na kushuka mara nyingi. Mogadishu ilikata uhusiano wa kibalozi na Kenya Desemba 2020 na kuurejesha Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar, na siku chache tu baada ya kurejeshwa, Kenya ikasimamisha safari za ndege kati ya nchi hizi mbili, ikiacha zile za wagonjwa na za Umoja wa Mataifa, hadi Juni ilipolegeza. Kuna vipindi ambapo ndege iliyotoka Mogadishu kuja Nairobi ililazimika kutua Wajir kwanza ili abiria na mizigo wakaguliwe, na mstari wake kwenye ramani ulikuwa ukishuka hadi ardhini kaskazini mwa nchi kisha ukapanda tena. Ndege za miraa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, nazo zilitoweka Machi 2020 na kurudi Julai 2022. Mfanyabiashara wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, hana haja ya kuelezwa kwamba siasa huonekana angani. Bei na mzigo humweleza mapema.

Januari 2023 anga ya Somalia ilirudishwa kwenye daraja A, maana yake kila ndege inayopita juu huko huongozwa na kutenganishwa na nyingine na waongozaji walio ardhini, baada ya zaidi ya miaka 30 ambapo marubani walilazimika kutangaziana wenyewe kwa redio mahali walipo. Ilikuwa hatua kubwa kwa ndege zote zinazotoka kwetu kwenda Ghuba na India. Lakini mwaka uliofuata, baada ya Ethiopia na Somaliland, eneo lililojitenga ambalo Mogadishu huliona kuwa sehemu ya Somalia, kutia sahihi hati ya makubaliano tarehe 1 Januari 2024, anga hiyo hiyo ikawa uwanja wa ugomvi. Ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikielekea Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, ilirudishwa njiani mwezi huo kwa amri ya Mogadishu, na marubani wakaanza kupokea maelekezo yanayopingana kutoka Mogadishu na Hargeisa, kila upande ukidai kuwa ndio wenye anga. Machi 2024 ndege ya Ethiopian na ya Qatar Airways zilikaribiana mno juu ya eneo hilo, na pande hizo mbili zikalaumiana. Kwenye Flightradar24 alama mbili zilionekana zikikaribiana, basi. Nani alimwambia rubani apande, na kwa mamlaka ya nani, ramani haiwezi kusema.

Ugomvi wetu na Tanzania hauonekani kwenye ramani hii hata kidogo, na inafaa kueleza sababu. Januari 2024 Dar es Salaam ilipotangaza kuwa ingezizuia ndege za Kenya Airways za Nairobi na Dar, kwa kuwa Kenya ilikataa kuipa Air Tanzania haki fulani za kubeba mizigo, jambo lililogombaniwa lilikuwa haki ya kutua na kufanya biashara. Haki ya kupita haikuguswa, na suala lilimalizwa kabla ya tarehe ya zuio kufika.

Nje ya Afrika mifano ni mingi, na programu huionyesha vizuri zaidi kwa sababu vipokezi ni vingi. Urusi na nchi za Ulaya zilifungiana anga Februari 2022, na Finnair, shirika la Finland lililokuwa limejenga biashara yake yote juu ya njia fupi ya Siberia, sasa huchukua takriban saa 13 kutoka Helsinki hadi Tokyo mahali pa saa tisa na nusu hivi, wakati mashirika ya China yanaendelea kupita Urusi kana kwamba hakuna lililotokea. Pakistan ilizifungia ndege za India Aprili 2025 na India ikajibu vivyo hivyo. IndiGo, shirika la India, iliacha safari zake za Tashkent na Almaty kwa kuwa ndege zake ndogo hazikuweza kuumudu mzunguko huo, ingawa safari yake ya Nairobi na Mumbai iko juu ya bahari na haikuguswa. Saudi Arabia, kwa upande mwingine, iliyafungulia mashirika yote anga yake Julai 2022, yakiwemo ya Israel ambayo haina uhusiano wa kibalozi nayo. Sudan ilikuwa imetangulia kulegeza, kwani baada ya Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, na Burhan, mtawala wa kijeshi wa Sudan, kukutana Entebbe Februari 2020, haikuchukua hata mwezi kabla ya ndege ya Israel kupita juu yake.

Safari iliyowahi kufuatiliwa kwa wingi wa kutisha kwenye programu hii nayo ilihusu anga ya kukwepwa. Tarehe 2 Agosti 2022 ndege ya jeshi la Marekani iliyombeba Nancy Pelosi, wakati huo spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, kwenda Taiwan iliondoka Kuala Lumpur, ikaizunguka Bahari ya Kusini ya China kwa kupita upande wa Borneo na mashariki mwa Ufilipino. Watu wapatao milioni 2.9 waliitazama kwa nyakati tofauti, zaidi ya 700,000 kwa mara moja, na mzigo ulipozidi kampuni iliwaweka kwenye foleni watumiaji wasiolipa. Hilo likumbukwe na anayetegemea toleo la bure: siku dunia nzima inapotaka kutazama, wewe utasubiri.

Sasa matumizi ya kawaida. Nikitaka kununua tiketi, jambo la kwanza ninalofanya ni kuandika nambari ya safari kwenye sehemu ya kutafutia, kisha kuzitazama safari zake za siku zilizopita. Ukurasa huo huonyesha saa iliyopangwa, saa ambayo ndege ilifika kweli na, ukibonyeza kitufe cha kurudia, njia yote iliyopita. Wakala mmoja wa tiketi hapa mjini alinisukumia safari yenye muda mfupi sana wa kubadilisha ndege, akinihakikishia kwamba haijawahi kuchelewa. Historia ya juma moja tu ilionyesha kuwa ndege ile ilikuwa ikifika baada ya muda uliopangwa karibu kila siku, kwa sababu njia iliyopangiwa saa zile ilikuwa imekwisha kufungwa na ratiba haikuwa imerekebishwa. Nilipomwonyesha, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mzee, hayo ni mambo ya kompyuta.” Nilinunua tiketi kwingine.

Kwa anayengoja uwanjani, faida ni ya wazi zaidi. Jioni ya tarehe 23 Juni 2025, Iran iliposhambulia Al Udeid, kambi ya jeshi la Marekani iliyo Qatar, na Qatar ikaifunga anga yake kwa saa kadhaa, ndege zilizokuwa zikielekea Doha zilionekana zikigeuka moja baada ya nyingine na kutafuta viwanja vingine, wakati mbao za matangazo za viwanja vingi zilikuwa bado zinaonyesha ratiba ya asubuhi. Hata siku za kawaida, mtu akiona ndege bado iko juu ya Ethiopia hana sababu ya kukimbilia JKIA na kulipia maegesho bure. Nimewahi kuombwa na mama mmoja aliyeketi karibu nami kwenye ukumbi wa wanaowasili, “Hebu niangalizie, baba, mwanangu amefika wapi,” na nilipomwonyesha alama ile ikiwa juu ya Marsabit alishika simu kwa mikono miwili akaitazama hadi ilipoanza kushuka.

Kasoro sasa. Ya kwanza nimeitaja: programu huonyesha njia lakini haitoi sababu. Ingetosha kuweka kivuli juu ya nchi zilizofungwa, na ukikigusa upate tarehe ya kufungwa na notisi husika kwa marubani, kwa kuwa notisi hizo ni taarifa za wazi. Kwa sasa mipaka ya maeneo ya kuongozea ndege iko kwenye kifurushi cha Gold, na hata ukiipata haikuambii kama mlango uko wazi. Ya pili ni ya vipokezi. Mahali penye vipokezi vichache, mfano Sudan na sehemu kubwa ya Kongo, programu hukisia njia kwa saa kadhaa, na unachokiona ni mstari ulionyooka kupita kiasi ambao ndege halisi huenda haiufuati. Baadhi ya safari hupatikana kwa setilaiti, na alama zake hubadilika kutoka njano kuwa buluu, lakini si zote. Balaa ni kwamba anga zenye ugomvi mkubwa zaidi mara nyingi ndizo zilizo na vipokezi vichache zaidi, kwa hiyo chombo kinakuwa dhaifu pale pale unapokihitaji. Ya tatu haisababishwi na kampuni: katika maeneo ya vita majeshi huvuruga mawimbi ya GPS, na mashariki mwa Mediterania ndege zimewahi kuonekana kana kwamba ziko uwanja wa Beirut wakati zilikuwa mbali nao. Kampuni imeongeza ramani ya kuonyesha maeneo yenye uvurugaji huo, na ninaipongeza, ila ni wachache wanaojua kwamba ipo.

Kutokana na kasoro hizo huzaliwa uvumi. Ndege ikizunguka mara mbili kabla ya kutua, au alama yake ikipotea juu ya jangwa, picha ya skrini husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya familia ikiwa na maneno ya kutisha, na mama wa watu hulala macho. Alama ikipotea, maana yake ya kawaida ni kwamba hakuna kipokezi kilicho karibu. Kampuni ingeweza kuliandika hilo kwa herufi kubwa pale pale alama inapokatika, na kwa Kiswahili ikiwezekana.

Kuhusu vifurushi, rai yangu ni hii. Anayengoja wageni na anayesafiri mara moja kwa mwaka atumie toleo la bure na avumilie matangazo. Siku saba za historia zinatosha kulinganisha mashirika mawili ya kwenda London au Dubai. Mwenye biashara ya kusafirisha mizigo, au mtu ambaye jamaa zake wako safarini kila mwezi kupitia Ghuba, atapata faida kwenye Silver, kwa kuwa siku 90 huonyesha jinsi njia zilivyobadilika kabla na baada ya tukio. Gold ni ya wapenzi na waandishi wa habari. Business, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, sioni sababu ya mtu binafsi wa Nairobi kuilipia, hasa kwa kuwa kuna njia ya kuipata bila malipo: kampuni humpa kifurushi hicho yeyote anayechangia data kutoka kwenye kipokezi chake, na kwa maeneo yenye upungufu hupeleka kipokezi chenyewe bure kwa mwombaji aliyekubaliwa. Kinachotakiwa ni paa lenye upeo wa macho usiozibwa, umeme wa kudumu na intaneti isiyokatika. Nairobi haina shida ya vipokezi. Mwenye shule, hoteli au hospitali Lodwar, Moyale au Mandera ndiye anayefaa kutuma maombi, kwa maana kutoka huko antena inaweza kuzinasa ndege zinazoingia na kutoka Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia.